Mke wangu alikuwa analia kila siku sokoni, kumbe macho yake ni makavu

Jumamosi, Bwera. Asubuhi mvua ilinyesha, mchana jua likatoka, na vumbi la malori ya mpakani limetulia kidogo.

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo mambo ya seli za jicho nitayaeleza vile nilivyoelewa. Lakini yaliyotokea nyumbani kwangu nayajua, na sitaongeza chumvi.

Nabeba samaki kwa pikapu kutoka Kasenyi. Mke wangu Biira anawakausha kwa moshi nyuma ya nyumba, halafu anawauza sokoni hapa Bwera.

Kiangazi kilichopita macho yake yakawa mekundu, yanakwaruza kama yana mchanga, na machozi yanamtoka hovyo. Anamfungia mteja samaki huku anajipangusa na kitenge.

Watu wakaanza kusema: mume anampiga.

Mimi ni Muislamu, kwao Biira, huko Karambi, ni Wakristo. Hawakunikataa, niwatendee haki, ila walikuwa wananitazama kwa pembeni. Sasa wakapata sababu.

Biira alikana kila alipoulizwa. Lakini mtu akikana huku machozi yanatiririka, nani ataamini? Hata mimi nilikuwa naendesha gari najiuliza, nilimwambia neno gani baya?

Siku moja kaka yake, Kule, akashuka kwenye boda na begi tupu mkononi. Hata kiti alikataa.

"Shemeji, nimekuja kumuchukua dada yangu. Mutu hawezi kulia kila siku bure."

"Kule, ni macho tu," Biira akasema.

"Macho! Na ile dawa nilikuletea iko inafanya nini basi?"

Kweli, alikuwa amemletea matone ya kuondoa wekundu kutoka ng'ambo ya mpaka, na Biira aliyatia mara nyingi kwa siku.

Nikamwambia, "Mchukue. Lakini tupitie kwanza kliniki ya macho Kasese. Wakikuta alama ya kofi, sitafungua mdomo."

"Twende. Na mimi naingia ndani, nisikie na masikio yangu."

Muuguzi alikuwa mama mcheshi. Akamwekea Biira karatasi ndogo ya kupima machozi kwenye kope, akamtia rangi jichoni, akamulika.

"Haya macho ni makavu."

Kule akaguna. "Sista, makavu? Si unaona mito?"

"Machozi yanamwagika, lakini hayakai. Jicho likikauka linaungua, mwili unamwaga maji ya haraka. Yanapita tu, ukavu unabaki."

Ugonjwa huo aliuita dry eye, yaani jicho kavu. Akasoma chupa ya matone aliyopewa na Biira, halafu akatugeukia mimi na Kule.

"Nyinyi wawili, shikaneni mikono. Vizuri! Mnaogopana?"

Tukashikana. Akasukuma kalamu katikati, ikagonga viganja vyetu.

"Seli za juu ya jicho zinashikana hivi na jirani zake. Mikono yenu ndiyo protini. Sasa legezeni."

Kalamu ikapita.

"Jicho likikaa kavu na kuvimba, protini hizi zinalegea. Moshi na vumbi vinapata njia. Na haya matone yenu yana dawa ya kuyahifadhi yasiharibike. Ukiyatia mno, nayo inazilegeza."

Kule akainamisha kichwa. Mkono wangu alikuwa bado ameushika.

Nisimuonee. Sista alisema moshi ulichangia sana, na ule moshi ni wa samaki ninaowaleta mimi.

Biira akapewa matone ya dukani yanayofanya kazi ya machozi, yasiyo na ile dawa ya kuhifadhi, akaambiwa aweke kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope na aachane na moshi. Kule akarudi Karambi na begi lake tupu. Baadaye akaja tena na matofali, akatujengea tanuri la kukaushia samaki lenye bomba refu la kutolea moshi. Sikumwomba.

Biira bado hajapona kabisa, matone anaendelea nayo. Lakini sokoni sasa anataniana na wateja. Nashukuru kwa hilo, namshukuru yule mama, na namshukuru Kule, maana bila hasira zake pengine tusingefika Kasese.

Nilichojifunza: macho yakimwaga maji, mpelekeni mtu akapimwe, msikae kumtafuta mkosaji. Sisemi kila machozi ni ugonjwa huu. Waliosoma, nikikosea nirekebisheni. Na wenzangu wa moshi na vumbi, nyinyi mnafanyaje?

Kule yuko hapa leo. Jioni hii Biira amekata vitunguu, machozi yakamtoka. Kule akanitazama, nami nikamtazama, tukacheka wote watatu.

Tumekula bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa tanuri jipya.