Mkono Ulioleta Mvua

Mnisamehe makosa ya herufi na wino uliopakazika. Niliishia darasa la saba, tena naandika kwa mkono wa kushoto, unaopita juu ya maneno kabla hayajakauka.

Jana jirani alikaanga kumbikumbi. Harufu yao, wakiiva kwa mafuta yao wenyewe, ilinirudisha utotoni, kwenye kichuguu cha nyuma ya migomba yetu hapa Kibimba.

Mvua za kwanza zikishapita, Shangazi Domitila alikifunika kichuguu kile kwa majani ya migomba, akaingiza kichwa chini yake kulinda shimo la kunasia. Watoto waligonga vijiti juu ya ubao mkavu ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha, watoke. Mimi sikuruhusiwa.

"Mkono huo unawafukuza," alisema shangazi. "Wewe kachunge mbuzi."

Nami niliamini. Hata nilipotazama tu, niliuficha ndani ya gauni.

Siku moja kaka yangu Deo aligonga mpaka akachoka, asitoke hata mmoja. Njaa ikamshinda. Akanirushia vijiti, akaenda kutafuta muhogo. Nikakaa, nikaviokota kwa mkono wangu wa kushoto. Nikaanza polepole, kama matone ya kwanza yanavyoanguka kwenye migomba, kisha nikaiachia mvua yote.

Chini ya majani shangazi akapaza sauti: "Hapo hapo, Deo! Leo umekula nini? Usibadilishe!"

"Shangazi, mimi niko huku natafuna muhogo!"

Akatoka, nywele zimejaa mabawa. Akautazama mkono wangu. Nikangoja kufukuzwa. Shimoni kumbikumbi walikuwa wakimiminika.

"Endelea, mama," akasema taratibu. "Wasije wakajua jua linawaka."

Nilipokua ndipo bibi aliponieleza. Shangazi akiwa mdogo, dada yake mwenye mkono kama wangu aligonga, akatoka nyoka. Tangu hapo, kila alipoona mkono wa kushoto aliona nyoka. Kumbikumbi nao walisikia vijiti, wakaona mvua. Na mimi, ambaye sikuwahi kumwona huyo nyoka, nilikuwa nimemficha ndani ya gauni miaka yote.

Siku hizi msimu ukifika, shangazi hamwiti mwingine. Hutuma mtoto: "Mwambie mwenye mvua aje." Mimi mwenye haya hupita katikati ya watu, mkono nje.

Kama nawe uliwahi kuambiwa mkono wako una mkosi, niandikie. Wino ukipakazika usijali, nitausoma.