Samaki Wanaomsalimia Mama Mkwe

Wenye mama mkwe, hebu kaeni hapa kwanza.

Leo nimetoka kazini nikakuta samaki wangu wote wako juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Na mama mkwe, aliyekuja jana kutoka Molo, amevuta kiti mbele ya tangi, anatabasamu.

"Hawa wako na adabu. Wananisalimia tangu mchana."

Salamu gani! Walikuwa wanakosa hewa!

Kumbe radi ilipoanza kunguruma alichomoa kila kitu kwa soketi, hata pampu ya hewa. Kwao radi ikipiga, hata redio inachomolewa. Halafu akaona ile midomo, akajua ni njaa. Akawamegea ugali.

UGALI, jamani. Maji yote yamechafuka.

Sasa mama mkwe utamgombeza aje?

Nikakimbilia soketi. Stima hakuna.

Nikatoa ugali kwa kichujio cha chai, nikashika jagi. Nachota maji, namwaga kutoka juu, vile tunapoza chai ya mtoto, ndio yashike hewa. Mkono ukachoka. Mama mkwe akaninyang'anya jagi, akamwaga kunishinda.

Stima ikarudi. Pampu ikaanza kutoa mapovu. Mmoja mmoja, samaki wakashuka chini. Wote wazima! Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Mama akainamia kioo, uso umeanguka.

"Mbona wameacha kunisalimia?"

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nimemwambia wameshiba.

Sasa anasema kesho atawasongea ugali mwingine.