Ua la Kwenye Ufa

Watu wa Bombo humwita Mama Maua. Akikuta ua asilolijua hupiga magoti, hulinusa, huhesabu petali zake kwa ncha ya ukucha, kisha huling'oa na mizizi yake na kulilaza katikati ya magazeti likauke, maana ndivyo kazi yake ya kutafiti mimea inavyotaka. Hata lile jeupe lenye madoa ya zambarau, lililoota peke yake kwenye ufa wa mwamba, alilifanyia vivyo hivyo. Alijisemea mengine hayakosi. Likaonekana ni aina mpya kabisa, likapewa jina, lakini jingine halijapatikana. Tangu hapo kila masika hupanda kuupapasa ufa ule mtupu. Leo Elinaza, mwenyeji anayemsindikiza msituni, aliuliza kutoka chini, "Mama, mwaka huu umeliona?" Mama Maua aliufunika ufa kwa kiganja. "Bado halijachanua," akamjibu.