Daftari la Sukari la Mjomba Ratili

"Mjomba, mbona unaandika namba kabla ya kupima?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tano, asubuhi moja kabla sijaenda shule. Alikuwa ameketi mbele ya meza yake ya kazi, kalamu mkononi, na kidude cha kupimia sukari kilikuwa bado kwenye mfuko wake, zipu imefungwa. Akanitazama juu ya miwani.

"Mjomba," akasema, maana sisi wawili tunaitana hivyo hivyo, "wewe ukikosa kazi ukubwani, nenda polisi. Watakuajiri siku hiyo hiyo."

Basi, swali likaishia hapo.

Yeye ni mdogo wake mama, na ni fundi wa mizani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake: kuna mizani za sahani, za kuning'iniza, na hizi za kisasa zenye namba za kuwaka. Ana sanduku la mawe ya kupimia ambayo hata yeye hayashiki kwa mkono mtupu. Huyabeba kwa koleo dogo, kwa sababu jasho la kidole linaongeza uzito. Vidole vyake ndivyo vilivyompa jina la Ratili, kile kipimo cha uzito cha wazee. Mpe kitu chochote akiinue, atakwambia uzito wake. Mchinjaji wa mtaa wetu alizoea kumletea pande la nyama kwenye karatasi ili amtege. "Kilo moja na robo, na nusu yake ni mfupa," Mjomba anasema, na mchinjaji akienda kupima anarudi akitikisa kichwa.

Halafu kiu ikaanza. Alikunywa maji kama anayezima moto tumboni, akawa mtu wa kwenda na kurudi chooni, suruali zikampwaya. Mama akamburuta mpaka kliniki, wakaambiwa ni kisukari. Muuguzi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akampa kile kidude na kopo lenye vijiti hamsini, akamwelekeza: nawa mikono, kausha, dunga pembeni mwa kidole, tone liguse kijiti, soma, andika. Asubuhi kabla ya kula, na tena jioni saa mbili zikishapita baada ya chakula. Kisha akamwambia jambo ambalo Mama alinisimulia kwa sauti ya chini: sukari ikikaa juu muda mrefu, ganzi huanza miguuni, na inaweza kufika hata mikononi. Njia nzima ya kurudi, Mama alisema, mdogo wake alikuwa anasugua kidole gumba kwenye ncha za vidole vingine, kimoja kimoja.

Siku za mwanzo alipima sawasawa, ingawa kwa manung'uniko. Siku moja alijidunga vidole viwili, kimoja kikasema nane pointi moja, kingine nane pointi sita. "Mizani ya muuza vitunguu ikinifanyia hivi naivunjavunja," alisema.

Baada ya wiki moja akabuni mchezo. Anafumba macho, anausikilizia mwili, anasema, "Leo saba na nusu," anaandika kwenye daftari nililompigia mistari kwa rula, ndipo anapima. Kidude kinasema saba pointi nne. Nilipiga makofi. Mchinjaji akaitwa ashuhudie.

"Huyu hata damu anaipima kwa mkono," mchinjaji alisema. "Mwacheni."

Mimi nina ugonjwa wa kuhesabu vitu. Jumatatu moja nilihesabu vijiti koponi: kumi na sita. Jumatatu iliyofuata, kumi na sita. Lakini kwenye daftari kulikuwa na namba mpya kumi na nne.

Sikumwambia Mama. Mjomba ndiye aliyenifundisha kusoma mizani kabla sijajua kusoma saa, ningemchongea vipi? Nilisogeza tu kopo karibu na kikombe chake cha chai. Akalirudisha pembeni bila kuniangalia.

Miezi mitatu ikapita, na siku ya kurudi kliniki shule zilikuwa zimefungwa, nikaandamana naye nikiwa nimelikumbatia daftari. Muuguzi alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Saba, saba na nusu, nane, saba. Kisha akasoma karatasi ya maabara, ya kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu yote kwa pamoja.

"Mzee wangu," akasema, "daftari na hii karatasi hazijuani kabisa. Nani kaandika hapa?"

Mistari ilikuwa yangu, hata tarehe nyingine nilikuwa nimeziandika mimi, na tayari nilikuwa natafuta uongo wa kumsaidia.

"Mimi," Mjomba akasema. "Kwa kusikilizia mwili. Kidude sijakigusa tangu ule mwezi wa mwanzo."

"Haya. Sikilizia sasa."

Akafumba macho. "Nane. Ikizidi sana, nane na nusu."

Muuguzi akamdunga. Kumi na nne pointi mbili.

"Mwanzoni ulikuwa unapatia kwa sababu unakumbuka ya jana," muuguzi akamwambia. "Unakula yale yale, saa zile zile, namba haiendi mbali. Na mwili ukishazoea sukari nyingi, unanyamaza. Hebu vua viatu."

Akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha. "Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Mguu wa kulia, Mjomba akawa anasema, "Hapo. Hapo. Hapo." Wa kushoto, "Hapo. Hapo." Kisha uzi ukagusishwa kwenye kidole gumba cha mguu huo. Niliuona ukipinda. Mjomba akakaa kimya, uso umetulia, anasubiri. Utulivu ule ulinitisha kuliko zile kumi na nne.

"Mbona kidole gumba umekiruka?" akauliza.

"Nimekigusa mara tatu, mzee wangu."

Vidole vya mikono alivisikia vyote kumi. Muuguzi alivirudia kwa hiari yake, pole pole, mpaka Mjomba akaridhika. "Huku bado hakujaharibika," muuguzi akasema. "Lakini unaanza leo, si kesho."

Kesho yake alifungua daftari jipya. Akanawa mikono, akapima, akaandika kumi na mbili pointi tisa, akaikodolea macho kama mtu aliyetukanwa. Namba mbaya aliziandika na sababu zake: "Kumi na moja. Keki ya harusi ya watu." Mchinjaji alipokuja kumchokoza, "Ratili, leo ngapi?" alijibu, "Sijui."

"Hujui?"

"Sijapima, nitajuaje?"

Sasa niko kidato cha tatu. Kile kidole cha mguu hakikupona, ila ganzi haijasogea, na kila jioni anazikagua nyayo zake kwa kioo. Mwezi uliopita nilikuwa nimemshikia taa akifunga skrubu ndogo kama punje ya mchele, ncha za vidole zikiitafuta zenyewe, mara akasema:

"Uliwahi kuniuliza kwa nini nilikuwa naandika kwanza."

"Miaka mitano hiyo, mjomba."

"Nilikuwa sina jibu la kumpa mtoto." Akaikaza skrubu. "Nikiandika mimi kwanza, ile ilikuwa namba yangu, nimeiwaza nikiwa mzima. Ikitoka kwenye kidude, ndipo nakuwa mgonjwa. Basi nilitaka asubuhi ianze na ile yangu."