Mutinda wa Kalamba Hakuifungua Pampu Ile

Nimeisoma habari hii mara tatu na moyo wangu bado unaikataa: Mutinda wa Kalamba amefariki.

Ninachokiamini, kwa kuwa nakiona kwa macho yangu, ni unafiki uliojaa chini ya picha yake hapa mtandaoni. "Legend!" "Shujaa wa maabara!" Wanaoandika hivyo ni wale wale waliokuwa wakimwita Mpishi.

Kwa wasiojua: miaka ya themanini tulifanya kazi pamoja katika maabara ndogo ya chanjo za mifugo, pembeni mwa mji wa Kitui. Yeye alitunza seli za figo za ndama zilizokuzwa ndani ya chombo cha kioo. Mimi nilikuwa karani.

Seli hizo zililishwa maji yenye sukari bila kukoma kwa pampu, tone baada ya tone. Zikipungukiwa na sukari, zilikufa njaa. Zikizidishiwa, zilibugia mpaka zikajiua kwa asidi yao wenyewe.

Kila asubuhi Mutinda alichota kidogo, akapima sukari iliyobaki, ndipo akaigusa pampu. Wenzake walipita mlangoni wakicheka. "Mpishi, muthokoi umeiva?"

"Umeiva, lakini wewe hujaalikwa." Hata kugeuka hakugeuka.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asiiache pampu ijiendeshe.

"Karani, mvua ikirudi baada ya kiangazi, mama yangu hamfungulii ng'ombe aliyekonda kwenye majani mabichi. Atavimba afe. Hajui kushiba. Wewe ndiwe kushiba kwake."

Mkuu wetu alikuwa na vyeti vya kujaza ukuta na akili ya kujaza kijiko. Ijumaa moja alisikia kwamba wageni wangefika kutoka Nairobi Jumatatu.

"Mgeni haonyeshwi chungu nusu," alisema. "Ongeza sukari mara mbili."

"Mzee, zitakufa."

"Aiya! Mpishi ananifundisha kazi? Lete ufunguo, utoke."

Akaifungua pampu kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga mlango, akaenda zake nyumbani kwa furaha.

Jumatatu maji ya lishe, ambayo huwa mekundu, yalikuwa yamegeuzwa na asidi kuwa ya njano kama mkojo wa punda. Seli zote zilikuwa zimekufa. Wageni walitazama chombo, kisha wakatazama saa zao.

Mkuu akawaambia kwamba Mutinda alikuwa ameisahau pampu wazi. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, kama mijusi juu ya jiwe. Ndio hao mashujaa wa leo wenye vidole vyepesi vya kuandika sifa.

Mutinda alifukuzwa juma lile. Mtu aliyejua kipimo kuliko sisi sote alizeekea sokoni Mbumbuni, akiwapimia watu mahindi kwa kopo la gorogoro.

Sasa mkuu huyo ameandika hapa kwamba Alhamisi, siku ya mazishi, atasoma wasifu wa marehemu, na kwamba "tulimsamehe kosa lake zamani".

Kosa lake!

Mzee mwenzangu, usithubutu kuyatamka maneno hayo mbele ya watoto wake. Walikua wakiambiwa kwamba baba yao alikuwa mzembe. Kosa lilikuwa lako.

Na woga ulikuwa wangu. Nilikuwa nimesimama pale Ijumaa ile, daftari mkononi. Jumatatu uliniambia niandike kwenye ripoti jina la Mutinda kuwa ndiye mkosaji, nikaliandika, kwa sarufi safi na mwandiko uliosifiwa. Nimewadharau wengi katika chapisho hili; dharau iliyobaki ni yangu.

Alhamisi nitafika Kalamba kabla ya jeneza, na nitasimama kabla yako.

Mutinda, nilinunua mahindi kwako miaka mingi. Hukunipunja hata punje moja, wala hukuniuliza lolote. Ulisawazisha gorogoro kwa kiganja na kusema, "Inatosha, Karani."

Haikutosha, ndugu yangu. Nilipaswa kusema mapema, ukiwa hai unasikia.

Lala kwa amani. Pampu hukuifungua wewe.