Siku tatu za screen nyeusi baada ya kufunga graphics card, na Mama anasubiri Ijumaa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mnaonifahamu humu mnajua mimi ni mtu wa "ushahidi uko wapi?" Leo naleta ya kwangu, na nitasema hata sehemu zinazonifanya nionekane mjinga. Mtu anayejisafisha kila mstari mimi huwa simwamini.

Niko nyumbani Mlola, huku juu Usambara. Chuo nimemaliza, ajira bado, kwa hiyo nalima karoti na Mama na kubishana na redio.

Kaka yangu Athumani yuko Uarabuni, mwaka wa nne sasa. Nikimuuliza sana kuhusu kazi yake, anabadilisha mada. Mapumziko yake ni Ijumaa, na hupiga akipata nafasi.

Shida ni kwamba Mama ana mtoto wa jicho. Kwenye video call uso wa kaka anauona kama doa tu. Anaisogeza simu mpaka inagusa pua, halafu ananirudishia.

"Basi. Nimemsikia."

Hiyo "nimemsikia" yake, wakuu, acheni tu.

Sasa, chumbani kwa kaka kuna desktop aliyoiunga mwenyewe, na monitor yake ni kubwa. Nikawaza: Mama akikaa mbele ya ile screen, atamwona. Ila tundu la HDMI la kwenye motherboard lilishakufa. Nikaagiza graphics card used kutoka Tanga, yenye tundu lake la HDMI. Kaka naye akaahidi: Ijumaa, saa kumi jioni.

Kabla hamjauliza: laptop yangu ilifia chuoni, na TV yetu ni ya chogo, haina HDMI.

Jumatatu nikafunga kadi. Ikaingia vizuri, nikakaza skrubu, nikachomeka waya wa monitor kwenye kadi. Nanyoosha mkono kuwasha, umeme ukakatika. Nikaacha kila kitu hivyo hivyo, kesho yake asubuhi nikaenda shamba.

Jumanne jioni umeme umerudi. Nawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka. Screen: "No Signal", kisha nyeusi tii.

Nikaanza kuhoji. Nilihoji RAM, nikaichomoa na kuisugua kwa kifutio. Nilihoji betri ya BIOS, nikaitoa na kuirudisha. Nilihoji PSU, kile kisanduku cha umeme, kwamba haina nguvu. Nilimhoji muuzaji kwa simu mpaka akaacha kupokea. Waya je? Niliingiza mkono nyuma ya meza, kwenye giza, nikausukuma. Umekaza. Nikaridhika.

Jumatano nikamwita Mjomba Saguti, fundi wa redio hapa kijijini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa. Chuo miaka yote ile, halafu kioo cheusi kama tako la sufuria?"

Akainama, akanusa CPU. Ndiyo, alinusa.

"Ukungu umeingia humu. Mashine za watu wa joto hizi. Iweke karibu na moto."

"Mjomba, ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi si huo hapo? Imegoma."

Mama alikuwa mlangoni. Hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo Ijumaa haitawezekana?"

Nikamwambia itawezekana. Nilisema bila ushahidi wowote.

Alhamisi mchana nikakata tamaa. Niing'oe kadi, niirudishe Tanga. Nikavuta meza kutoka ukutani kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, nikazunguka nyuma nichomoe waya kwenye kadi.

Kwenye kadi hakuna waya.

Waya uko juu, kwenye tundu la zamani. Lile lililokufa.

Nikasimama pale nikijihoji. Jumatatu nilichomeka wapi? Nilikuwa na uhakika. Halafu nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiona siku zote: kwenye waya kuna uzi mwekundu umefungwa, na pembeni ya lile tundu kuna tone la rangi ya kucha, nyekundu.

"Mama! Umegusa waya huku?"

Akaja anafuta mikono kwenye kanga. "Jumanne nilipofuta vumbi niliukuta umeuchomeka pabaya, nikaurudisha. Athumani alisema nyekundu kwa nyekundu."

Kumbe kaka alimwekea alama zile kabla hajaondoka, kwa sababu Mama akifuta vumbi alikuwa anachomoa waya hovyo. Na kwa miaka yote hii, kila asubuhi, Mama anainua kile kitambaa cha kufuma juu ya CPU, anafuta, kisha anahakikisha kila kitu kiko alivyokiacha mwanawe. Koti kwenye msumari. Viatu chini ya kitanda. Kalenda ya mwaka ule aliosafiri. Nyekundu kwa nyekundu.

Nikahamisha waya. Nikawasha. Picha ikaja, wakuu.

Mama akaniuliza, "Mimi ndiye nimeharibu?"

"Hapana, Mama. Mimi sikukuuliza."

Ijumaa saa kumi alikuwa ameshavaa kanga mpya, amekaa karibu na screen kuliko ninavyoshauri. Hotspot yangu, kamera ya USB. Kaka akatokea, uso mkubwa kama dirisha.

Mama akasogea zaidi. Akaweka kiganja kwenye screen.

"Umekonda."

"Ni kamera, Mama."

"Kamera haimkondeshi mtu."

Hapo nikajua ubishi wangu niliurithi wapi.

Wakahamia Kishambaa, wakaongea ya shamba na ya majirani. Halafu kaka akaniambia, "Mdogo wangu, zungusha kamera nione chumba." Nikazungusha taratibu. Msumari, koti. Viatu. Kalenda.

Niliporudisha kamera kwa Mama, kaka alikuwa ametoka kwenye picha. Kiti kitupu. Ikasikika sauti tu: "Mtandao unasumbua huku. Subirini."

Mtandao haukuwa unasumbua. Pazia nyuma ya kile kiti lilikuwa linapepea vizuri tu, bila kukwama hata mara moja. Mimi ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji.

Somo kwa wenye screen nyeusi baada ya kufunga kadi mpya: kabla hujalaumu PSU, vuta meza, angalia kwa macho waya umechomekwa wapi, usipapase. Na muulize anayefuta vumbi.

Nilitaka nipake alama mpya kwenye kadi. Mama akakataa. "Hiyo atapaka mwenyewe akirudi." Basi asubuhi yeye anafuta vumbi, mimi napita nyuma yake kuangalia waya.

Mlio mbali humu, chumba chenu nyumbani kikoje? Mmewahi kuuliza? Na wajuzi wa PC, nikosoeni, nipo nasoma.