Marashi Kwenye Ngoma ya Daktari

Mimi ni mfagizi wa zahanati moja huku Bofu, na haya nayaandika kwa aibu. Kwa haki, Daktari Neema alieleza mapema kwamba ngoma ya Jumanne ni tiba, ya kuamsha viungo vya wagonjwa wa kiharusi. Ila alipokuwa akieleza, mimi nilikuwa nje namwaga maji ya deki.

Nilipoingia, ngoma imepamba moto. Jirani yangu Bi Mwanahamisi, ambaye mkono wake wa kulia haujainuka miezi minane, alikuwa kafumba macho, bega lamtetemeka. Kwetu sisi, mtu akitetemeka ngomani kapandwa na pepo, na pepo huulizwa haja yake upesi kabla hajaghadhibika. Nikatazama, watu wote wametulia tu! Nikasema moyoni, basi mwenye akili hapa ni mimi peke yangu.

Nikatoa chupa ya marashi mkobani, nikamnyunyizia usoni, nikapiga magoti.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Jina lako nani? Wataka nini kwa huyu mja?"

Ngoma ikanyamaza. Bi Mwanahamisi akafumbua jicho moja.

"Jina langu Mwanahamisi, jirani yako. Nataka uniondokee! Nilikuwa nausogeza mkono, wanimwagia marashi ya maiti?"

"Yarabi, nisamehe bwana mkubwa, nimekughadhibisha."

"Toka!" akasema, akaninyooshea kidole mpaka mlangoni.

Kwa mkono wa kulia.

Wagonjwa wote wakapiga kelele za furaha. Mimi bado nimepiga magoti, namngoja pepo ajibu.